Mwacheni dogo aimbe, ila alale mapema

Jumapili ya juzi nilikuwa kwenye kiwanja kimoja cha mchangani hapa Dar es Salaam. Mechi ya ndondo, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta, singeli inalia kwenye spika mbili zilizofungwa kwenye mti, vumbi ndiyo usiseme. Dakika ya 80 na ushee, matokeo 1-1, refa anaweka mkwaju wa penalti.

Anayeenda kupiga ni kiungo mmoja fundi, dogo wa miaka kama 20 hivi. Jina lake nalihifadhi kwa sababu bado anatafuta timu ya ligi, na kwenye mpira wetu jina likishachafuka kulisafisha ni kazi. Anaweka mpira, anarudi hatua nne, anapiga. Mpira unapaa juu ya mwamba, unaangukia kwenye bati la jirani.

Kabla hata bati halijanyamaza, jukwaa zima likapiga kelele: “Rudi studio!”

Nikamuuliza mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu, kwani vipi? Akanijibu kuwa dogo huyo ametoa wimbo wiki mbili zilizopita, na tangu atoe kichwa kimevimba, mpira umemshinda. Sawa. Ila mimi wiki ya nyuma yake nilikuwepo kwenye kiwanja hichohicho. Dogo alifunga mawili, na watu haohao walimlazimisha mpiga muziki aweke wimbo wake, wakaucheza mpaka giza likaingia.

Yaani akifunga ni msanii wetu, akikosa arudi studio. Hapa ndipo ninapotaka tuongee ukweli, maana mjadala huu wa mchezaji na muziki tunaufanya kila mwaka na kila mwaka tunaufanya vibaya.

Kwanza tukubaliane kwamba mpira na muziki havijawahi kuishi nyumba mbili tofauti. Wazee wetu walikuwa na Msondo na Sikinde wakitambiana kama Simba na Yanga, na mtu aliweza kukuambia anashabikia bendi gani kabla hajakuambia timu. Leo Simba wakifanya Simba Day, Yanga wakifanya Wiki ya Mwananchi, jukwaa la wasanii linatangulia na mpira unafuata. Hata ile Soul Makossa ya Manu Dibango iliyotikisa dunia, ilianza kama upande wa pili wa sahani ya wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1972 kule Cameroon. Mpira ndio uliobeba muziki ule.

Sasa kama muziki unaruhusiwa kuingia uwanjani, kwa nini mchezaji asiruhusiwe kuingia studio?

Wanaosema haiwezekani nawapa mifano mitatu tu. Mwaka 2020 Memphis Depay alitoa albamu ya rap inayoitwa Heavy Stepper. Msimu huo wa 2020/21 alifunga mabao 20 na kutoa pasi za mabao 12 kwenye Ligi Kuu ya Ufaransa akiwa na Lyon. Mwaka 2025 akawa mfungaji bora wa muda wote wa Uholanzi, akampita Robin van Persie. Rafael Leão naye anachana kwa jina la WAY 45. Alitoa albamu mwaka 2021, na msimu wa 2021/22 AC Milan wakabeba ubingwa wa Italia, yeye akachaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Wa tatu ni Moise Kean. Msimu wa 2023/24 akiwa Juventus hakufunga hata bao moja kwenye ligi, na albamu hakuwa nayo. Mwaka 2024 akahamia Fiorentina, akatoa albamu, na kwenye ligi msimu huo akafunga mabao 19.

Sisemi albamu ndiyo iliyofunga. Ningekuwa nasema hivyo, makocha wote wangehamishia mazoezi kwa maprodyuza. Ninachosema ni kwamba mabao hayakuzuiwa na albamu. Mtu anayekuambia kipaji cha kuimba kinakula kipaji cha kupiga mpira anakudanganya. Mguu na koo havigombanii chakula.

Na penalti ndiyo kabisa msiitaje. Julai 2010 pale Johannesburg, Asamoah Gyan alikuwa na penalti ya kuipeleka Ghana nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika. Dakika za nyongeza zimekwisha, Suárez ametolewa kwa kudaka mpira kwenye mstari, Afrika nzima imeshika kichwa. Akagonga mwamba. Gyan ni mtu wa muziki, ameimba na marehemu... nisamehe, nimeteleza kalamu. Nilitaka kusema ameimba na Castro, yule msanii wa Ghana aliyepotea majini mwaka 2014 na hajaonekana mpaka leo. Lakini nani mwenye akili timamu atasema mwamba ule uligongwa na muziki? Dakika chache baadaye kwenye matuta Gyan huyohuyo alipiga ya kwanza na akafunga. Akastaafu akiwa na mabao 51 timu ya taifa, hakuna Mghana aliyemfikia, na mabao sita ya Kombe la Dunia ambayo hakuna Mwafrika aliyeyapita.

Penalti zinakosewa na waimbaji, zinakosewa na wasiojua hata kupiga mluzi.

Basi nikamaliza? Bado. Maana baada ya mechi ile nilimfuata dogo, nikamkuta amekaa peke yake nyuma ya goli, soksi zimeshushwa. Tukaongea. Na alichonieleza kilinifanya nirudi nyumbani nikiwa sina uhakika sana na kelele zangu za juu.

Siku yake iko hivi. Saa 11 alfajiri ameshaamka, saa 12 yuko mazoezini. Saa tatu anaingia kibaruani, dukani kwa mjomba wake, mpaka saa 10 jioni. Anarudi kiwanjani mpaka giza. Studio anayorekodia ni ya mshikaji wake, na mchana ina wateja wanaolipa. Wa bure kama yeye anapata nafasi kuanzia saa tano usiku. Kwa hiyo anaingia muda huo, anatoka saa nane, wakati mwingine saa tisa.

Jumamosi ile, usiku wa kuamkia mechi, alitoka studio saa nane usiku. Alinieleza mwenyewe, sikumlazimisha.

Hapo nikakaa kimya. Kwa sababu jukwaa lilikosea sababu, lakini halikuwa limekosea kila kitu. Dogo hakukosa penalti kwa sababu anaimba. Ila miguu iliyokwenda kupiga mpira ule ilikuwa imelala saa tatu. Kocha yeyote atakuambia mwili unajijenga usiku, na kwamba misuli ya nyuma ya paja inaanza kukatika kwa wachezaji waliochoka. Na wale wa Milan na Lyon wana wapishi, wana madaktari, wana mtu wa kuwaambia walale, wana studio nyumbani kwao saa nane mchana. Dogo wetu ana bodaboda ya saa nane usiku na chapati ya asubuhi. Kumwambia “mbona Leão anaweza” bila kumwambia hilo ni kumtoa kafara.

Tumekuwa na mfano wa upande wa pili hapahapa kwetu. Ali Kiba, ambaye mpira ameupenda tangu utotoni, alisajiliwa Coastal Union ya Tanga kwa msimu wa 2018/19. Watu wengi walicheka wakasema ni kiki. Mimi sikucheka. Mwanamuziki mwenye jina lile kukubali kuingia kwenye ligi ambayo beki hajali una mashabiki wangapi, huo ni uthubutu. Ila msimu ule ulituonyesha jambo: ratiba ya ligi na ratiba ya shoo si marafiki. Ligi inataka uwepo Jumanne, Jumatano na Alhamisi, siku ambazo hakuna anayekupigia makofi. Yeye hakuwa mchezaji wa kila wiki, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa ileile ya kipaza sauti.

Royston Drenthe naye alijaribu njia ya kuchagua. Mholanzi aliyesajiliwa Real Madrid mwaka 2007, mwaka 2016 akaamua kutundika daluga akiwa bado hajafika miaka 30, akaenda kurap. Mwaka 2018 akarudi uwanjani, Sparta Rotterdam. Ukiacha mpira ukiwa na miguu, miguu inakusumbua usingizini.

Naijua hali hiyo kidogo. Si kwa kiwango cha Madrid, kwa kiwango cha mtaani. Nilikuwa napiga kinanda kwenye kwaya ya vijana na beki wa kushoto wa timu ya mtaa. Mazoezi ya kwaya Jumamosi saa 10 jioni, mechi Jumamosi saa 10 jioni. Mwalimu wa kwaya akaniambia chagua, kocha akaniambia chagua. Nikiwa na miaka 19 nikachagua mpira. Miaka mitatu baadaye goti la kushoto likachagua kwa niaba yangu. Nikabaki sina mpira, na vidole vimeshasahau nyimbo. Hakuna aliyewahi kukaa na hao wawili akawaambia mmoja asogeze saa moja tu. Saa moja, bana! Ingetosha.

Ndiyo maana neno “chagua” nikilisikia kwa kocha huwa nashtuka. Mpira ni kazi yenye tarehe ya mwisho. Ukibahatika sana unafika miaka 35, na wengi wetu hatufiki. Julio Iglesias alikuwa kipa kijana ndani ya Real Madrid mpaka ajali ya gari ya mwaka 1963 ilipomlaza kitandani. Muuguzi akampa gitaa ili vidole vifanye kazi. Mpira ukaisha siku ile, yeye akaja kuwa mmoja wa waimbaji waliouza zaidi duniani. Hakuna ajuaye ajali yake iko kona gani. Mchezaji mwenye kitu cha pili mkononi ni mchezaji mwenye bima ambayo klabu haimlipii.

Na si lazima kitu hicho kiwe cha kutafutia pesa. Petr Čech anapiga ngoma. Kazi ya mikono miwili na miguu miwili, kila kimoja na njia yake, na hakuna aliyewahi kumwambia akifungwa arudi kwenye ngoma zake.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nayagawa kwa watu watatu.

Makocha na viongozi: acheni kuuliza “mpira au muziki?” Ulizeni “saa ngapi?” Kaeni na mchezaji mpange. Siku mbili kabla ya mechi hakuna studio wala shoo. Kurekodi kufanyike ligi ikisimama, au siku ya mapumziko mchana. Andikeni kwenye mkataba, pamoja na suala la wadhamini, maana klabu ikivaa nembo ya kampuni moja na mchezaji akaimba tangazo la mshindani wake mtaishia kwenye vikao. Mkishaandika, mkimkuta baa saa nane usiku mkateni mshahara bila huruma. Lakini msimkate kwa sababu mmesikia wimbo wake redioni. Na enyi viongozi mnaolipa wasanii waje kwenye tamasha la klabu, kama mna mchezaji anayeimba, mpeni dakika tano za jukwaa. Jezi itauzika.

Mashabiki, yaani sisi: mhukumuni mtu kwa dakika 90. Akicheza vibaya zomea, tiketi ni yako. Ila zomea pasi mbovu, usizomee wimbo. Kama wimbo ulikuwa mzuri siku ya mabao mawili, ni mzuri hata siku ya penalti ya batini.

Na wewe dogo, najua unasoma ukurasa huu kwa sababu uliniambia unausoma. Kuna kitu sikukuambia siku ile nyuma ya goli kwa sababu ulikuwa na machozi. Mwambie mshikaji wako wa studio akupe Jumatatu mchana, na mwambie mjomba akuachie Jumatatu. Ukikosa vyote viwili, basi wimbo wa pili usubiri ndondo iishe. Sauti yako itakuwepo ukiwa na miaka 40. Mbio zako hazitakuwepo. Ukiiba usingizi ili uimbe, unavipoteza vyote viwili, maana hata kwenye ule wimbo, samahani, sauti inasikika imechoka.

Robo fainali ni Jumapili hii. Nitakuwepo. Ikipatikana penalti, nenda kapige wewe.