Kipanga Penye Chano cha Ndege



Dada yetu mmoja aliyehamia Chicago, Marekani, ametuletea swali. Nyuma ya nyumba yao wametundika chano cha mbegu za alizeti, kama wafanyavyo watu wengi nchini humo, na ndege wadogo huja makundi kwa makundi. Siku hizi amezuka kipanga. Hushuka ghafla, akamnyakua mmoja, akamnyonyoa juu ya ua watoto wakitazama. Binti yake wa miaka saba hataki tena kutia mbegu, asema, "Sisi ndio tuliowaita wafe." Mumewe naye ataka kumtegea kipanga sumu.

Nianze na baba. Sumu haichagui; humwua kipanga, na paka wa jirani, na yamkini ikamfikia mtoto. Aidha, sheria ya Marekani inawalinda ndege hawa, na kuwaua bila ya kibali ni kosa. Tena haifai kitu. Watafiti waliopitia kumbukumbu za miaka 20 za Chicago, tangu 1996, waliona kwamba wingi wa ndege wa kuliwa ndio unaowaweka vipanga mjini. Ukimwua huyu, chano kile kile kitamwita mwingine.

Ama binti, asichekwe, kwani neno lake lina haki ndani yake. Chano hukusanya, na mwenye kukusanya ana dhima. Lakini aelezwe pia kwamba kipanga si mwovu. Yeye hali mtama wala alizeti; nyama ndiyo riziki yake, naye ana makinda yanayomngoja. Wauaji wakubwa zaidi tunao wenyewe majumbani. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka nchini Marekani. Vioo vya madirisha navyo huua mamia ya mamilioni.

Basi fanyeni hivi. Kiondoeni chano kwa muda wa wiki moja au mbili. Ndege hawatakufa njaa, kwa kuwa hicho si chakula chao pekee. Watatawanyika, na kipanga ataelekea kwingine. Kisha kirudisheni, na binti ndiye achague mahali: kiasi cha mita tatu kutoka kichakani, ndege wapate pa kukimbilia, wala kisiwe ndani ya kichaka chenyewe, paka asije akajificha. Kwa dirisha, ama kiwe karibu, chini ya mita moja, wasiruke kwa kasi na kujigonga. Ama kiwe mbali, zaidi ya mita tisa. Na paka wenu, kama mnaye, akae ndani.

Hata hivyo, huenda siku moja kipanga akarudi. Asifichwe binti jambo hilo. Kumlisha kiumbe ni sadaka, na kuangalia usalama wa pale unapomlishia ni katika ukamilifu wa sadaka hiyo.

Wabillahi tawfiq.