Tusilitoboe jahazi kwa ajili ya boti za watalii



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ili waja Wake wapate riziki ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, liko jambo ambalo kila mara hurejea katika baraza za vijiji vyetu vya mwambao. Huja mtu na karatasi zake, akasema anataka kujenga marina, yaani bandari ndogo ya boti za starehe, ili boti za kasi zinazochukua watalii zipate pa kufunga, pa kujaza mafuta na pa kupakia wageni. Vijana hufurahi kwa kuwa wameahidiwa kazi. Wazee huinamisha vichwa. Wavuvi huuliza diko lao litahamishiwa wapi, na mara nyingi swali lao huahirishwa hadi kikao kijacho. Kikao hicho huja wakati mawe yamekwisha kumwagwa ufukweni.

Sisemi haya kwa kuuchukia utalii. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 630,000, na wapo miongoni mwetu wanaolisha watoto, kulipa ada za madrasa na kujenga nyumba kwa fedha za wageni hao. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wasemao methali hii husahau kwamba ina sehemu mbili. Kuja kwa mgeni ni sehemu ya kwanza tu. Swali la leo ni hili: je, mwenyeji anapona?

Tuanze kwa kuielewa kazi yenyewe. Bahari ya Unguja hupwa na kujaa kwa tofauti inayokaribia mita 4 wakati wa bamvua. Maji yanapotoka, sehemu kubwa ya pwani hubaki wazi: mchanga, miamba na majani ya bahari, hadi mbali. Kwa mvuvi wa ngalawa hilo si tatizo. Hutoka na maji na hurejea na maji, kama walivyofanya babu zake. Boti ya mtalii haisubiri. Mgeni amelipia safari ya saa 2 asubuhi, na saa hiyo boti iwe inaelea. Ili ielee saa yoyote, aghalabu chini hulazimika kuchimbwa. Mchanga huzolewa kwa mashine, njia huchongwa mwambani, na ukuta wa mawe hujengwa baharini ili kuvunja mawimbi.

Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Tope linalotibuliwa husafiri na mkondo na kutua juu ya matumbawe na majani ya bahari. Tumbawe ni kiumbe hai. Likifunikwa na tope hukosa mwanga, hudhoofika na hatimaye hufa. Majani ya bahari nayo ni malisho ya kasa na ni malezi ya tasi na changu wadogo. Mvuvi hatauona msiba huo siku ya ufunguzi, utepe ukikatwa na ngoma zikipigwa. Atauona misimu michache baadaye, atakapoinua dema lake likiwa tupu.

Ukuta wa mawe nao una hesabu yake. Mchanga wa ufukweni hautulii mahali pamoja. Mawimbi ya kusi huupeleka huku, na ya kaskazi huurejesha kule. Ukiuzuia njiani, upande mmoja mchanga hujaa na upande wa pili ufukwe huliwa, minazi ikaanguka na nyumba zikasogelewa na maji. Ndani ya ukuta maji hutulia, na hilo ndilo lililokusudiwa. Lakini maji yaliyotulia hayajisafishi. Petroli inayomwagika, oili ya injini na maji machafu ya boti hubaki mumo humo. Wazee wetu walikuwa wakipaka vyombo vyao shahamu na chokaa. Boti za leo hupakwa rangi zenye sumu ili makome yasigande. Zile zilizokuwa mbaya kupita zote, zenye mchanganyiko wa bati, zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Nyingi zilizobaki zina shaba, nayo ikirundikana katika maji yasiyotembea hudhuru viumbe.

Ndugu yangu, huenda ukasema: hayo ni ya ujenzi, boti zenyewe zina kosa gani? Twende Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Hapo Dimbani upo msikiti ambao maandishi ya kibla chake yanataja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kwa zaidi ya miaka 900 adhana imesikika juu ya maji yale, na wavuvi wameswali alfajiri kisha wakashua vyombo. Katika maji hayo hayo wanaishi pomboo. Zamani pomboo hao walivuliwa na nyama yao kutumika kuwa chambo cha papa. Utalii ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliona kwamba pomboo aliye hai ana faida kubwa kuliko aliyekufa, na uvuvi ule ukakoma. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Tukiri basi, kwa uadilifu, kwamba mwanzoni mgeni alileta kheri.

Kisha boti zikaongezeka. Kila nahodha anataka wageni wake waone kwa karibu zaidi na warukie majini, na kundi moja la pomboo likawa linazungukwa na boti kadhaa kwa pamoja. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2010 walieleza kuwa boti zinapokuwapo, pomboo wa Kizimkazi hupunguza mno mapumziko, kula na kuchangamana, na muda wao wa kusafiri huongezeka zaidi ya maradufu. Kwa lugha nyepesi, wanakimbia. Mnyama asiyelala, asiyekula vizuri wala kunyonyesha kwa utulivu, atadumu muda gani? Na siku atakapohama, boti zile zitampeleka mgeni kumtazama nani? Manahodha wale wengi si wageni. Ni watoto wetu wenyewe, na miongozo ya kuwakaribia pomboo kwa upole ipo. Kinachokosekana ni mwenye kuisimamia. Basi ikiwa boti zinazofunga nanga pembeni mwa kijiji zimetushinda kuzisimamia, kwa hoja gani tunataka kujenga gati la kuleta nyingine nyingi zaidi?

Wapo pia akina mama. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na leo kina wakulima zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake. Kwa fedha ya mwani mama amenunua sare ya mtoto bila kumwomba mtu. Lakini maji ya kina kifupi yamezidi joto, na ule mwani wenye bei nzuri hufa humo. Wataalamu wamewaelekeza wakulima kusogea kwenye maji ya kina zaidi. Na maji hayo ndiyo njia ya boti. Mapanga ya injini hayachagui kamba ya mwani wala jarife. Mvuvi aliyekatiwa nyavu usiku hajui amdai nani, kwa sababu boti imekwisha kupita na jina lake halikusomeka.

Yasemwayo kuhusu fidia nayo tuyapime. Wenzetu wa Lamu wana funzo, ingawa bandari iliyojengwa kwao ni ya meli za mizigo na si ya boti za starehe. Bahari ilichimbwa, mikoko ikakatwa, na wavuvi wa jadi wenye vyombo vidogo wakapoteza maeneo yao. Kesi ilifunguliwa mwaka 2012. Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu yake tarehe 30 Aprili 2018, ikaona kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki zao za mazingira na utamaduni zilikiukwa, ikaamuru fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa wavuvi wapatao 4,600. Walishinda, alhamdulillah. Lakini tazama: hukumu ilichukua miaka 6, na hakuna hukumu inayoweza kurejesha tumbawe lililokwisha kuzikwa. Kumuuliza mtu kabla ya kazi ni siku chache za vikao. Kumlipa baada ya kazi ni miaka ya mahakamani.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na wanavyuoni wakajenga juu ya hilo kwamba kinachotegemewa na umma hakimilikishwi mtu mmoja kwa kuwadhuru wengine. Na iko kanuni mashuhuri ya fikhi kwamba kuondoa madhara hutangulizwa kabla ya kuvuta maslahi. Sura ya Al-Mutaffifin nayo inawaonya wale ambao wakijipimia huchukua kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Aya hizo tumezoea kuzisomea muuza sukari sokoni. Lakini karatasi ya mradi inayohesabu kila dola ya mgeni, isihesabu hata pishi moja ya pweza anayeokotwa na mama mjane mwambani, je, hiyo si mizani iliyopunguzwa?

Mnaikumbuka pia ile hadithi iliyopokewa na Bukhari, ya watu walioingia chomboni na kupiga kura, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini walipokuwa wakihitaji maji iliwabidi wapite kwa wenzao wa juu, wakaona afadhali watoboe sehemu yao wenyewe wasimsumbue mtu. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Tumezoea kuisoma hadithi hii tukiwatazama wa chini, wasio na elimu wala subira. Katika jambo letu hili anayeshika kekee ni yule wa juu, mwenye fedha na mihuri, naye husema anatoboa sehemu aliyopewa kwa hati. Lakini bahari haina kiambaza. Tundu lake ni tundu la wote, na wajibu wa kumshika mkono ni ule ule.

Kumshika mkono hakuna maana ya kurusha mawe wala kuchoma mashine. Maana yake ni kuuliza mapema na kwa adabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 imeweka utaratibu wa tathmini ya athari za mazingira kwa miradi ya namna hii. Basi kijiji kikiletewa habari ya marina, kiulize. Kwanza, tathmini iko wapi, na imesomwa kwa Kiswahili mbele ya wavuvi na wakulima wa mwani, au imefungiwa kabatini kwa lugha ya wachache? Pili, chini patachimbwa kiasi gani, na tope litapelekwa wapi? Tatu, diko na njia ya kufika ufukweni vitabaki wazi, na hilo limeandikwa kwenye mkataba? Nne, ni nani atakayezuia mwendo wa kasi karibu na nyavu, mwani, pomboo na watoto wanaoogelea, na kila boti itakuwa na namba inayosomeka kwa mbali? Tano, madhara yakitokea atalipa nani, na fedha hiyo imewekwa amana mahali gani kabla ya jiwe la kwanza?

Mwekezaji mwema hataogopa maswali hayo. Huenda majibu yakaonyesha kuwa gati dogo la nguzo, ambalo maji hupita chini yake, linatosha bila ya ukuta wala kuchimba. Huenda maboya ya kufungia boti yakatosha, ili nanga zisivunje matumbawe. Huenda pia ikabainika kwamba mahali pale hapafai kabisa, na kulisema hilo mapema ni kumuhurumia hata yeye mwenye fedha.

Nasi tujihesabu kabla ya kuhesabiwa. Mvuvi anayetumia baruti au kokoro hana uso wa kumlaumu mwenye boti. Mzee wa kijiji anayetia saini kwa bahasha, bila ya kuwauliza watu wake, amekhini amana, na bahasha hiyo italiwa ikaisha ilhali saini itabaki. Na kijana nahodha, mwanangu, kumbuka kuwa injini ukiipunguza mgeni hatakasirika. Atamwona pomboo kwa utulivu na atarudi mwakani na wenzake.

Mgeni na aje, tumkirimu kama tulivyofunzwa. Lakini asubuhi atakapopanda boti yake, na mvuvi naye awe amepata pa kushua ngalawa, na mama mwani wake uwe bado kambani. Hapo ndipo methali itakapotimia sehemu zake zote mbili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika mizani zetu, na atuhifadhie bahari hii kwa ajili ya watoto wetu. Wabillahi tawfiq.