HOJAJI BILA UKWELI NI KAZI BURE

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muhula uliopita uongozi wa shule yetu ulitoa hojaji kwa wanafunzi, wazazi na walimu. Tuliulizwa juu ya masomo, chakula, usafi, michezo na usafiri. Naipongeza shule kwa hatua hiyo. Katika shule ya kibinafsi, mzazi asiyeridhika humhamisha mtoto wake kimyakimya, na shule ikabaki kujiuliza kulikoni. Afadhali aulizwe mapema.

Lakini leo nina jambo la kuungama. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na hupanda basi la kwanza. Huamka saa 10.00 usiku, na saa 10.45 niko barabarani na mama, yeye ameshika tochi. Kipindi cha pili kikifika, kichwa kimeshaangukia dawati. Basi nilipofika kwenye swali la usafiri, niliandika nini? "Nimeridhika sana."

Mbona? Kwa sababu karatasi zilikusanywa na mwalimu wetu wa darasa, na mwandiko wangu anaujua kama anavyolijua jina langu. Niliogopa kuonekana mkaidi. Tulipoulizana baadaye na wenzangu wa basi hilo, kumbe nao waliandika vivyo hivyo! Siku ya matokeo tulisomewa gwarideni kwamba wengi wameridhika na usafiri. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, bana, ningefanya nini? Ratiba ya basi haikubadilika hata dakika moja.

Kosa langu nalikubali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, hata tungesema kweli, tungemezwa. Wengi hapa ni wa bweni na basi hulijua siku ya kufunga shule tu. Majibu yao yakichanganywa na yetu sisi wachache, jumla itasema sote tuko sawa. Na jambo lenyewe si la kudeka. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zilisema masomo katika shule za kutwa, za umma na za kibinafsi, yaanze saa 2.00 asubuhi. Sasa basi letu linakimbilia wapi?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, karatasi zisiwe na majina, majibu yawe ya kutia alama tu, na zitiwe katika sanduku lenye kufuli. Lifunguliwe mbele ya mwalimu, mzazi na mwanafunzi. Pili, majibu ya wanafunzi wa kutwa yahesabiwe mbali na ya wale wa bweni. Tatu, wapishi na madereva nao waulizwe. Dereva wetu ndiye hutuona tukisinzia vitini kila alfajiri. Hajawahi kuulizwa neno. Nne, na hili ndilo kubwa, tuambiwe ni lipi litarekebishwa na lini, na ni lipi haliwezekani na kwa nini. Tukielezwa kwamba basi jingine litapandisha karo, tutaelewa. Kinachovunja moyo ni kuulizwa, kisha kimya.

Wapo watakaosema eti wanafunzi tukipewa nafasi tutadai chapati kila siku na mitihani ifutwe. Ni kweli, hawatakosa wa kuandika mizaha. Lakini mzaha ni rahisi kuutambua. Uwongo wa adabu kama wangu ndio unaopotosha, kwa sababu unafanana sana na ukweli.

Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 10, imeweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Tutajifunzia wapi kushiriki kama si hapa shuleni?

Wenzangu, hojaji nyingine ikija, tuandike kweli. Nanyi walimu wetu wapendwa, tupeni nafasi ya kuiandika bila hofu, kisha mtujibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeanza kwa makala haya, na mwandiko wangu mnaujua.