Pampu Inasingiziwa

Nenda ufuko wowote upande wetu wa Ziwa Nyasa, uwe Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, umuulize fundi wa injini za boti afanyeje na mashine ya zamani yenye pampu ya oili. Swali halijaisha atakuwa ameshajibu: ng'oa. Kata mpira, ziba tundu, changanya mwenyewe kwenye dumu. Ukiuliza uchanganye kiasi gani, utapata maneno ambayo hata huku kwetu mlimani, Namswea, nimeyasikia kwa watu wa chenso na wa mabomba ya injini ya kupulizia kahawa: oili ikizidi haiui, ikipungua ndiyo inaua.

Ikipungua inaua, hilo sina ubishi nalo. Hilo la kwanza ndilo limejaza mabanda ya watu mashine zisizowaka.

Tukumbushane kidogo. Injini ya mipigo miwili, hizi tu-stroki zetu, haina sampu ya kuhifadhi oili kama pikipiki ya bodaboda. Oili inaingia pamoja na petroli, inapita kwenye krenki, inalainisha beringi, inapanda kwenye pistoni, kisha inaungua na kutoka kama moshi. Kwa hiyo kila lita ya petroli lazima ije na oili yake, na njia za kuileta ni mbili: uichanganye mwenyewe nchi kavu, au pampu ndogo inayozungushwa na injini iipime na kuidondosha safarini. Yamaha waliweka pampu ya namna hiyo kwenye pikipiki mwaka 1964. Kwenye injini za boti ikaja kuenea miaka ya 1980.

Kinachosahaulika ni kwamba pampu hubadili kipimo kwa mwendo. Boti ikienda taratibu, inatoa oili kidogo, karibu sehemu moja kwa 100 za petroli. Ukikamua mafuta hadi mwisho, inapanda hadi moja kwa 50. Mkono wa binadamu hauwezi kazi hiyo. Ukishachanganya dumu, umechanganya: utavuta mitumbwi polepole usiku kucha kwa mchanganyo uleule unaokimbilia nao nyumbani asubuhi.

Sasa tazama uvuvi wa usipa ulivyo. Giza la mwezi, taa zimewashwa, mashine inasukuma polepole, inazimwa, inawashwa, inasogea tena. Saa nyingi za injini ile ni za mwendo wa konokono. Nahodha mmoja wa Mbamba Bay alinionyesha kipimo chake kwa dumu la lita 20: chupa ya maji ya nusu lita, moja na nusu. Hizo ni mililita 750. Kipimo cha 50 kwa 1 kinataka 400. Na kwa mwendo ule wa taa, pampu nzima ingetumia kama 200 tu. Mashine yake inanyweshwa karibu mara nne ya inachohitaji, na yeye anajiona mwangalifu.

"Mimi injini yangu sijawahi kuinoki," aliniambia. Kweli hakuwahi. Ila katika mazungumzo yaleyale alinieleza kuwa anabadilisha plagi kila mara, kwamba siku hizi mashine haina nguvu ya kupanda juu ya maji ikiwa na mzigo, na kwamba kuiwasha asubuhi kunataka vijana wawili wapokezane kamba. Akamaliza: "Ni uzee tu, ndugu yangu."

Hapo ndipo imani hii inapojificha. Injini iliyokosa oili hufa kwa kishindo: inapiga kelele, inakwama, pistoni imeng'ang'ania silinda, na kesho yake ufuko mzima una habari. Pampu inatajwa kwa jina kama mchawi. Injini iliyozidishiwa oili hufa bila msiba. Masizi yanajijenga kichwani mwa pistoni, ringi zinaganda ndani ya mifereji yake na kuacha kubana, tundu la moshi linazibwa kidogo kidogo kama koo la bomba la jikoni. Mgandamizo unashuka. Kipande cha masizi kikikatika, kinachora silinda. Kikibaki pale na kuwa chekundu kama kaa la moto, kinawasha petroli kabla plagi haijatoa cheche, na pistoni inatobolewa juu. Yote hayo huandikwa kwenye daftari moja la "uzee", na aliyeshika chupa hatajwi.

Wanaoshika imani hii wana ushahidi wao, na sio wa kudharauliwa. Wa kwanza ni Yamaha Enduro, mashine iliyosambaa Afrika kuliko nyingine ninazozijua. Matoleo yake mengi hayana pampu, mchanganyo wa mkono tu. Basi wanasema: kama pampu ni nzuri, mbona waliotengeneza mashine kwa ajili yetu hawakuiweka? Jibu ni jepesi. Waliondoa kitu kinachoweza kuharibika mahali ambapo spea iko mbali na fundi hana kitabu. Walichagua urahisi, na bado kitabu cha mashine hiyohiyo kinataja kipimo. Hakuna ukurasa unaosema mimina mpaka roho itulie.

Ushahidi wa pili ni ule mchanganyo wa 25 kwa 1, ambao wazee wengi wanauapia. Nao umetoka mahali halali. Mashine mpya ya kuchanganya kwa mkono hutakiwa kupewa oili maradufu katika saa kama 10 za mwanzo, vyuma vizoeane. Hata zile za pampu, kitabu kinaweza kukutaka uchanganye kwenye dumu juu ya oili ya pampu kwa muda huohuo. Nahisi ndivyo ilivyokuwa: tajiri alinunua mashine mpya, muuzaji akamwelekeza kipimo cha siku za kwanza, yeye akamfundisha nahodha, nahodha akamfundisha kijana. Muda wa mwisho ukadondoka njiani, kipimo kikabaki. Mtoto anayelishwa uji wa unyafuzi mpaka anaoa.

Wa tatu ni sifa mbaya ya pampu zenyewe, na hapa nitawapa haki yao. Kampuni ya OMC ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza Johnson na Evinrude, ilileta mfumo wake wa VRO mwaka 1984, na miaka ya mwanzo malalamiko yalikuwa mengi, ukarekebishwa mara kadhaa. Kampuni hiyohiyo, katikati ya miaka ya 1980, ilisema baadhi ya mashine zake zinatosheka na 100 kwa 1 hata kwa mchanganyo wa dumu, kisha ikarudi kwenye 50. Kwa hiyo anayeogopa upungufu haogopi kivuli. Pampu ya miaka 30 yenye gia ya plastiki, mpira uliokauka na hewa ndani ya mrija inaweza kukuangusha, na ikikuangusha huna dakika nyingi.

Lakini niambieni pampu ngapi kati ya hizo zilizoua zilikuwa bado na king'ora chao. Mashine za pampu huja na kengele inayolia oili ikipungua tangini. Kengele inakera, hasa waya ukiwa na kutu na inalia ovyo. Nimeona mashine ambazo waya wake umekatwa na kufungwa vizuri kwa mpira wa tyubu, kazi safi kabisa ya mtu mwenye mikono. Umemziba mlinzi mdomo, mwizi akiingia unamlaumu mlinzi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi hawalitaji kwa sababu si la spana. Huko ziwani mwenye mashine ni mmoja, mwenye boti pengine mwingine, nahodha wa tatu, na anayemimina mafuta jioni mchangani ni kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita. Ukishang'oa pampu, kinga yote ya injini imehamia kwenye kumbukumbu ya kijana yule. Ataulizwa, "Umeshatia?" Atajibu, "Bado," na mwingine alikuwa ameshatia. Au atajibu, "Tayari," akimaanisha dumu la jana. Tena mashine huazimwa. Anayeiazima anaona tangi la oili lipo pale lilipo, halikuondolewa, lina oili hata nusu, naye anajaza petroli tupu akiamini pampu inafanya kazi. Alama ya kumwambia vinginevyo haipo. Nani ameua hapo?

Na oili yenyewe? Hilo nalo lina mambo yake. Injini ya boti inapozwa na maji, haipandi joto kama chenso inayopozwa na upepo, na ndiyo maana oili yake ina herufi TC-W3 kwenye chupa: haina yale madawa ya madini yanayoacha majivu. Oili ya bodaboda imetengenezwa ikae ndani ya sampu, haikutengenezwa iungue. Ukiimimina kwenye dumu la boti, kwa wingi, kwa sababu "nzito ndiyo nzuri", unalima masizi kwa jembe la ng'ombe. Bora mililita 400 za oili yenyewe kuliko chupa mbili za ile iliyobaki gereji.

Kuna kitu kidogo pia ambacho sitakikuza. Jeti ya kabureta hupitisha kiasi chake tu, na kila tone la oili limekaa mahali pa tone la petroli. Aliyezidisha oili amepunguza petroli kidogo, na moto unakuwa mkavu kidogo. Anayedhani anaipoza mashine yake anaisogeza upande wa pili.

Kwa hiyo kabla hujaita spana, jaribu pampu yako. Chora mstari kwenye tangi la oili, tumia dumu moja la lita 20 ulilolichanganya 50 kwa 1, ili injini isikauke kama pampu imekufa, endesha mpaka liishe, tazama mstari umeshuka kiasi gani. Ikiwa ulikimbia sana, utakuta imetumia karibu mililita 400. Ikiwa ulikuwa kwenye taa, pungufu ya hapo. Ikiwa haikushuka kabisa, basi ng'oa, nami nitakushikia tochi. Ila uing'oe yote pamoja na tangi lake, mtu asidanganyike, na uandike kwa rangi kwenye kifuniko cha mashine: CHANGANYA 50 KWA 1.

Ninachoshindwa kuelewa ni sisi watu wa kahawa. Mkulima wa Namswea akipulizia dhidi ya chulebuni au kutu ya majani hamimini dawa kwa jicho. Ana kikombe cha duka la pembejeo chenye mistari, anakiinua usawa wa macho, anapunguza tone likizidi, kwa sababu anajua dawa ikizidi inaunguza majani na fedha. Dakika tano baadaye anawasha bomba la injini alilolichanganyia oili kwa kifuniko cha chupa asichokijua ujazo wake.

Niliteremka tena Mbamba Bay mwezi wa sita, mwera ukivuma, boti nyingi zimevutwa juu ya mchanga. Nilikuwa na kikombe kile mfukoni, cha mililita 100. Nahodha wangu wa chupa moja na nusu alikigeuza mkononi, akacheka, akauliza vitakuwa vingapi kwa dumu.

"Vinne."

"Na nikikatishwa na mtu katikati, nikasahau nimefika cha ngapi?"

Kijana wake alikuwa ameinama kando ya boti. Aliokota kokoto nne, akazipanga kwenye ukingo. Akamimina kikombe cha kwanza, akaisukuma kokoto moja ikaanguka mchangani.

"Tatu zimebaki," akasema, akaendelea kumimina.