Ulinzi wa Yadi za Malori Uanzie Ofisini

Kila unapotokea wizi katika yadi ya malori, jambo la kwanza linalofanywa ni kuongeza urefu wa ukuta. Seng'enge hutandazwa, taa hufungwa, mbwa huletwa, na mlinzi aliyekuwa zamu usiku ule huwekwa ndani. Baada ya miezi michache mzigo mwingine hupotea. Ni dhahiri kwamba dawa hiyo haiugusi ugonjwa wenyewe.

Tani 28 za shaba hazirushwi ukutani. Hutoka langoni, mchana kweupe, juu ya lori lenye namba, na dereva ana hati iliyopigwa mhuri. Pengine namba hiyo ni ya bandia, dereva siye aliyetajwa, na hati imetokana na mtu aliyejua mapema ni mzigo gani umewasili, ni wa nani, na utaondoka lini. Habari hizo hazijulikani na mpita njia. Zimo katika daftari, na daftari lina mwenyewe. Inasikitisha kwamba mara nyingi mwenyewe huyo ni kijana aliyefundishwa kuandika na kuhesabu kwa jasho la mkulima.

Watumishi wa umma hawajasahau Novemba 2015, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipofika Bandari ya Dar es Salaam na kueleza kwamba makontena 349 yalikuwa yametoka bila kulipiwa ushuru. Kilichopotea pale kilikuwa kodi ya wananchi, si mali ya tajiri wa mzigo. Hata hivyo njia ilikuwa ile ile. Hakuna ukuta uliobomolewa.

Hata lakiri, ambayo wengi huiamini kupita kiasi, ina udhaifu wake. Wezi wazoefu huiacha ilivyo. Hufungua bolti na bawaba za mlango wa kontena, hutoa wanachokitaka, kisha hurudisha kila kitu mahali pake. Karani anayesoma namba ya lakiri bila kuukagua mlango huandika kwamba mzigo ni salama, na lori hupita. Mizani ingalimwambia ukweli, lau angalijipa taabu ya kulinganisha uzito na ule ulioandikwa katika hati.

Hasara yake si ndogo. Mwezi Mei 2024 bei ya tani moja ya shaba katika soko la London ilipita dola 10,000. Basi lori moja likipotea ni zaidi ya robo milioni ya dola. Tena ipo heshima ya nchi. Tangu Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao haramu na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta yake, barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma imekuwa dhamana waliyopewa Watanzania na majirani zao. Siku hizi majirani hao wana hiari ya kwenda Beira, Durban, Walvis Bay au Lobito.

Na anayeteseka kwanza ni dereva na utingo wake. Hao hukamatwa barabarani na kulala rumande, huku aliyeuza habari akiendelea kunywa chai ofisini.

Wenye yadi hawana budi kutenganisha kazi: anayeandika hati ya kutolea mzigo asiwe ndiye anayeukabidhi. Dereva mgeni asipakiwe mpaka mwenye lori apigiwe simu, kwa namba iliyomo katika kumbukumbu za yadi na si ile iliyoandikwa katika karatasi aliyokuja nayo dereva. Orodha ya mizigo ya thamani isibandikwe ukutani kama ratiba ya mabasi. Naye mlinzi alipwe mshahara unaomtosha kuikataa bahasha, na apewe madaraka ya kulifunga lango pale hati isipolingana na mzigo, hata kama anayefoka ni meneja.