Baba Akisema "Tunahama", Watoto Wanabeba Nini?

Mzazi mwenzangu, shamba jipya lina utamu wake. Mtu akisikia kuna ardhi yenye rutuba mahali fulani, tena kwa bei ya chee, usingizi unamruka. Anahesabu ekari, anahesabu magunia, anahesabu madeni atakayolipa. Mara chache anahesabu watoto watabadilisha shule ngapi.

Wiki hii tuitazame familia moja ya Marekani, ya Charles Ingalls. Alizaliwa mwaka 1836. Alikuwa mkulima, seremala na mpigaji hodari wa fidla. Mkewe, Caroline, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa.

Mwaka 1862 serikali ya Rais Abraham Lincoln ilipitisha sheria ya kumpa mtu mzima ekari 160 kwa ada ndogo tu. Sharti lilikuwa ajenge nyumba, alime na aishi hapo miaka 5, ndipo apewe hati. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji, kwa nguvu au kwa mikataba ya kuwabana. Walowezi wengine hawakusubiri hata mikataba hiyo. Charles mwenyewe alipoipeleka familia Kansas karibu na mwaka 1869, alijenga nyumba ya magogo kwenye ardhi ambayo bado ilikuwa ya watu wa Osage. Mwaka 1871 walirudi walikotoka, Wisconsin, mikono mitupu.

Mwaka 1874 wakahamia Minnesota. Hapo waliishi kwanza ndani ya nyumba iliyochimbwa kwenye ukingo wa kijito. Ngano ikastawi vizuri, matumaini yakarudi, kisha nzige wakashuka na kula kila kilichokuwa kijani. Baba akalazimika kwenda mbali kwa miguu kutafuta kibarua cha kuvuna mashamba ya wengine.

Mwaka 1876 wakafunga tena mizigo kwenda Iowa kusaidia kuendesha hoteli ndogo. Kabla hawajafika huko, mtoto wao wa pekee wa kiume, Freddie, alifariki akiwa na miezi 9. Hotelini, Mary na mdogo wake Laura waliosha vyombo na kuhudumia meza. Laura alikuwa na miaka 9. Mwaka uliofuata familia iliondoka mjini usiku, huku ikidaiwa kodi ya nyumba.

Mzazi mwenzangu, hapa ndipo nataka tutulie kidogo.

Laura huyo ndiye Laura Ingalls Wilder, aliyekuja kuandika vitabu vya watoto kuhusu maisha yao. Cha kwanza kilitoka mwaka 1932, akiwa na miaka 65. Ndani ya vitabu hivyo utakuta fidla ya baba, mikate ya mama, theluji na nyota. Hutakuta ile hoteli wala ile safari ya usiku. Hutamkuta mdogo wake aliyefariki. Mambo hayo aliyaeleza katika kumbukumbu nyingine aliyowaandikia watu wazima, ambayo ilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mtoto hakuelewa kwa sababu alikuwa mdogo, au kwamba amesahau kwa sababu haulizi. Alielewa. Alikaa nayo zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1879 Mary aliugua akapofuka, akiwa na miaka 14. Mwaka huohuo Charles alipata kazi kwenye ujenzi wa reli huko Dakota, wakahama tena hadi kwenye mji mpya wa De Smet. Mwaka 1880 akaandikisha shamba. Hapo Caroline akaweka mguu chini: hii iwe hama ya mwisho, watoto wasome. Charles, ambaye moyo wake ulikuwa bado unatazama magharibi, alikubali, na ahadi hiyo aliitimiza.

Haikuwa rahisi. Majira ya baridi ya 1880 kuingia 1881 theluji ilifunga reli, treni za chakula zikakwama kwa miezi. Walisaga ngano kwa kinu cha kahawa na kusokota nyasi kavu ziwe kuni. Lakini hawakuhama. Mwishoni mwa 1881 Mary alianza chuo cha wasioona huko Iowa, na alihitimu mwaka 1889. Laura akawa mwalimu akiwa bado msichana mdogo, na mshahara wake ukasaidia mahitaji ya dada yake. Mwaka 1886 baba alikamilisha masharti ya shamba lake.

Sisemi kwamba kuhama ni kosa. Hata kwetu familia nyingi zimeinuka kwa kuthubutu kufuata ardhi mpya. Ninachosema ni kwamba familia ile ilianza kupata utulivu siku mama alipouliza, "Tutasimama wapi?" na baba akamsikiliza.

Basi kabla hamjapakia godoro kwenye lori, kaeni wawili mkubaliane: tukishindwa huko, mpango ni upi? Shule iko umbali gani? Nani atabaki na mtoto wa darasa la saba amalize mtihani? Kisha waiteni watoto muwaambie ukweli kwa kipimo cha umri wao, kwamba tunahama kwa sababu hii, na mambo yakiwa magumu tutawaambia. Kama kuna msiba nyuma yenu, msiufunge kwenye sanduku. Mtajeni marehemu kwa jina lake, watoto wapate ruhusa ya kumlilia.

Na yule binti mkubwa anayeosha vyombo vya watu ili mdogo wake asome, mshukuru angali anasikia. Anaona mengi kuliko anavyosema.

Tukutane wiki ijayo.