Spesa ni mchezaji wa mkopo, isigeuzwe nahodha

Kocha akiona timu yake inabanwa katikati, anawaambia mawinga wakanyage chaki. Uwanja unapanuka, timu inapumua. Wenye magari ya zamani ya michezo nao wana hesabu hiyo hiyo wanapofunga spesa, yaani zile sahani za chuma au alumini zinazokaa kati ya habu na rimu ili gurudumu litoke nje kidogo. Gari linasimama kwa upana, linapendeza, na mwenyewe anatamba mtaani.

Hapo hakuna kosa. Kosa linaanza pale spesa inapofungwa kama bendera ya timu kwenye bodaboda, ilimradi ionekane.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari lisilohitaji kutambulishwa kwa wapenzi wa Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alitwaa ubingwa akiwa nalo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akabeba kombe kwa gari hilo hilo. Lilipita kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki likaacha heshima ambayo haijafutika mpaka leo.

Lakini 240Z lilitoka kiwandani na rimu za inchi 14 zenye upana wa inchi 4.5 tu. Kwa macho ya sasa magurudumu yanaonekana yamezama ndani ya fenda, kama beki wa pembeni anayeogopa kupanda. Ndiyo maana wengi wanakimbilia spesa. Wengine wana sababu ya maana zaidi: wameweka rimu pana, tairi linakwaruza shokapu kwa ndani, na spesa inalitoa hapo.

Sasa hesabu. Spesa ya milimita 20 kila upande inaongeza milimita 40 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Gurudumu likisogea nje, beringi inabeba mzigo mzito kuliko iliopangiwa. Usukani nao unabadilika tabia. Tairi moja likiingia shimoni, unataka kumponyoka dereva. Na springi ikibonyea, tairi linaweza kula fenda.

Ngoma nzito zaidi iko kwenye nati. Spesa nyembamba ya kuchomeka inakaa kwenye stadi zile zile za gari, hivyo kila milimita ya spesa ni milimita ambayo nati imeipoteza. Stadi za Datsun hii zina kipenyo cha milimita 12, na nati inapanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Kanuni ya mafundi makini ni kwamba nati iume urefu usiopungua kipenyo cha stadi, yaani karibu mizunguko 10. Nati iliyoshika mizunguko minne ni kipa anayedaka kwa vidole viwili. Mechi ya kwanza anaweza kupona, ya pili pia. Siku moja mpira utapita.

Dawa ipo, na wala haina uchawi. Ama stadi zibadilishwe ziwekwe ndefu, ama itumike spesa nene yenye stadi zake yenyewe, inayofungwa kwanza kwenye habu kisha rimu ikafungwa juu yake. Tundu la katikati lienee kwenye habu bila kucheza, la sivyo usukani utatetemeka. Kutu isuguliwe mpaka chuma kionekane. Nati zikazwe kwa mkingamo, kwa spana ya kupimia nguvu, halafu zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kubandika spesa mbili moja juu ya nyingine ni kadi nyekundu ya moja kwa moja.

Wapo wanaosema gari la kihistoria lisiguswe kabisa. Hoja yao ina uzito, ila wanachanganya mambo. Anayekata fenda ili aingize tairi pana ameuza mchezaji ambaye hatarudi tena. Anayefunga spesa amechukua mchezaji wa mkopo. Akichoka naye, anafungua nati, anamrudisha, na gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani. Kwa gari ambalo halitengenezwi tena, hilo si jambo dogo.

Ila mkopo una mipaka yake. Klabu inayojaza pengo lile lile kwa mkopo kila msimu inajidanganya, ikasajili. Vivyo hivyo, mwenye gari anayehitaji spesa nene sana ili rimu zake zikae sawa amenunua rimu zisizo za gari lake. Aziuze, atafute zenye vipimo sahihi, spesa abaki nayo kwa marekebisho madogo.

Kuna wanaojitetea kwamba gari ni lao na hela ni yao. Sawa. Lakini gurudumu likichomoka kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa halimfuati mwenye gari. Linamfuata mama anayeuza mahindi kando ya barabara, na mtoto anayesubiri kuvuka kwenda shule. Hao hawakuomba kupangwa kwenye kikosi. Kabla ya kutamba na upana wa gari, mtu ashuke, afungue nati moja na ahesabu mizunguko. Ikifika 10, apige honi aondoke. Isipofika, gari lilale gereji.